Kilo Mbili na Robo

Nilivinunua Karume kwa mizani, kama dagaa:
kilo mbili na robo za vitofali vya plastiki,
vimechanganyika na vifungo, gurudumu, jino la kitana,
na karatasi iliyowahi kulowa ikakauka,
picha ya kijiji cha Wavikingi chini ya theluji.
Muuzaji akasema, "Havijatimia, bosi,
lakini mtoto hahesabu."

Hamjui Ambokile.
Alivimwaga kwenye beseni, akavisugua kwa sabuni ya unga,
akavianika kwa rangi juu ya bati la choo,
kisha akaniletea jibu:
"Baba, vimepungua mia moja kumi na vinne.
Vyeupe havipo kabisa. Theluji hatuna."
"Hata Kigogo haina," nikamwambia.
Akacheka kidogo, cheko la kunihurumia.

Jioni tatu alilalia tumbo, saruji ikimpoza,
nyumba ndefu ikaanza kuota mbavu.
Mimi mhunzi wa Gerezani, mtu wa majiko na bawaba,
nimezoea kitu kikubali kwa moto na nyundo.
Huyu anabonyeza kwa kidole gumba,
tak,
na ukuta umeshika.
Tak. Tak. Mpaka usingizini nikaisikia.

Kahawia ikaisha katikati ya paa;
akamalizia kwa nyekundu na buluu, viraka viraka,
ukasema mtaa wetu ukiutazama kutoka darajani.
Shingo ya joka la merikebu
ilikuwa mkono wa katapila.
Shujaa mmoja kavaa kofia ya zimamoto,
mwingine hana nywele, tukamwita Mjumbe.
Na huko pembezoni, karibu na maji,
kibanda, fuawe ya kijivu,
na mtu asiye na mkono wa kulia.

"Huyu nani?"
"Mhunzi."
"Mbona umemtupa mwisho?"
"Moto wake usije ukala nyumba za wenzie.
Kwenye picha ndivyo alivyo."
Nikanyamaza. Na sisi walitusogeza vivyo hivyo,
kelele zenu, walisema, moshi wenu.

Siku ya nne wakaja watu wenye vizibao vya kung'aa
na ndoo ya rangi.
Iks, nyekundu, chini ya dirisha letu, bado inachuruzika.
Siku thelathini, bonde lirudishiwe mto.
Mama Tuntufye alipiga yowe mpaka sauti ikamkauka.
Mimi nilisimama nikiikagua alama kifundi:
mistari miwili, mkono wa haraka,
hata hakupima.

Ambokile aliitazama, akaingia ndani.
Nikadhani analia.
Nikasikia ile sauti ikirudi kinyumenyume,
krrk,
kung'oa kuna mkwaruzo wake.

Hakuwa anabomoa. Alikuwa anavua:
ukuta mzimamzima, paa vipande vitatu,
kila kimoja kabandikwa utepe wa karatasi na namba,
kinaingia kwenye ndoo kwa zamu, kizito chini.
"Unafanya nini?"
"Nakihamisha."
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Matofali yetu yanang'oka hivi?"

Niliutazama ukuta nilioujenga mwenyewe,
mfuko mmoja wa saruji kwa mchanga nisioutaja mbele za watu.
"Matofali hapana. Mabati yanang'oka.
Mbao, mlango, fremu za dirisha.
Na nondo, ukiwa na subira."
"Basi tuandike namba," akasema,
akanipa kalamu.

Bati la kwanza, upande wa jikoni: moja.
Nilikuwa juu ya ngazi, naye chini ananisomea,
majirani wanatutazama kama tumechanganyikiwa,
mpaka mmoja akauliza kama wino utabaki.

Mhunzi hakuingia ndooni.
Yumo mfukoni mwa shati langu, nashinda naye Gerezani.
Nimemkatia mkono wa bati,
mdogo kuliko ukucha wa mtoto,
nimeupasha, nimeukunja, nimeupiga tupa mara mbili.
Bado haujakaa sawa.